Kiende Atakula Nini Ulaya

Jumapili, 6 Julai 1958

Ukungu mpaka saa tano. Kianjokoma nzima imelowa kama blanketi la mtoto.

Baada ya kanisa nimewapiga ile hadithi ya makaroni. Ile ya mto. Kwamba kule Roma mume na mke wakigombana, kila mmoja anakaa ng'ambo yake, wanapewa makaroni moja ndefu. Huyu anaanza kumeza huku, yule kule, mpaka wanakutana katikati ya daraja midomo imegusana — ugomvi kwisha! Wamecheka hata Mbogo, hedimani wa kijiji, aliyekuja na askari kutuambia tusisimame kikundi. Alisahau kututawanya.

Halafu Njue akaharibu. Njue ni mpishi wa Mzungu mmoja kule Embu mjini, huja nyumbani Jumapili na viatu vya kupewa. Akaniuliza mbele ya watu, "Rwamba, huo mto unaitwaje?"

Nikamjibu, "Unaitwa mto, Njue. Maji yanapita ndani."

Wakacheka tena. Nimeshinda. Lakini nilitoka jasho, na baridi yote ile!

Saa nane — furaha nyumbani! Dada yangu Wanjira kaingia na binti yake Kiende, wametoka Meru kwa basi, pasi zao za ruhusa ya kusafiri zimekaguliwa mara tatu njiani. Kiende ni nesi katika hospitali ya misheni huko. Miaka ishirini na miwili. Mrefu kama mimi, akili kama mimi. Ameleta karatasi. Masista wanampeleka Ulaya kusomea ukunga! Miaka mitatu! Hospitali tatu zimemkubali: moja Uingereza, moja Italia, moja nchi inaitwa Ailandi. Masomo ni yale yale, cheti ni kile kile. Achague, atie alama kwenye kisanduku kimoja, karatasi iwe mkononi mwa Sista Brijita kabla ya tarehe kumi na nane.

Mama yangu alikuwa amekaa pale motoni. Mama ana miaka themanini, au mia na kumi, inategemea nani anauliza. Akasema neno moja tu: "Atakula nini huko?"

Wote tukamkumbuka Muriithi. Mwalimu Muriithi alipelekwa Uingereza kusoma mwaka mzima, akarudi baada ya miezi mitano. Amekonda hivi kwamba mama yake mzazi alimsalimu sokoni kama mgeni wa Serikali. Ukimuuliza habari za Ulaya anasema, "Samaki," anafunga mdomo. Na Kiende ni wa mlimani kama sisi. Samaki kwetu ni ndugu ya nyoka. Akimwona tu, anatoka nje mbio.

Mama akasema, "Mjomba wake amekula huko kote. Basi yeye ndiye wa kuchagua."

Nyumba nzima ikanitazama. Nikavua kofia yangu ya Roma, ile yenye unyoya mweusi, nikaipuliza vumbi, nikaivaa tena. Nikasema, "Niachieni mimi."

Na ni haki yangu! Katika nyumba yetu mtoto hatoki kwenda mbali mpaka kaka wa mama yake ale bega la mbuzi, ampulizie pombe ya muratina kifuani, na ataje kwa mdomo wake mahali anapokwenda. Baba yake angesimama karibu aitikie, lakini Kiogora, mume wa Wanjira, bado yuko kizuizini kwa ajili ya hii hali ya hatari, Emajensi, huu mwaka wa nne, na barua zake zinafika zimekatwa madirisha na wakaguzi. Kwa hiyo mdomo ni mmoja tu. Huu wangu.

Nimefurahi mpaka tumbo linauma.

Jumatatu, 7 Julai

Tumbo bado linauma. Si furaha.

Haya, daftari. Wewe huna mdomo. Na nakuandika Kiswahili kwa sababu Gacheri mke wangu anasoma lugha ya nyumbani tu. Nasema mara moja na sirudii: Ulaya sijafika.

Nimefika Nanyuki.

Kambi ya mateka Wataliano, jikoni, miaka mitatu ya vita. Nilikuwa namenya viazi. Kofia ni ya Aldo, mateka aliyekuwa mpishi. Alinipa siku walipofunguliwa, akalia, nikalia, nikarudi nyumbani nayo kichwani. Watu wakauliza, "Umeitoa wapi?" Nikasema, "Kwa Wataliano." Wakasema, "Kumbe ulifika kwao!" Mimi sikusema. Wao ndio walisema. Mimi sikuwakatiza tu. Kwa miaka kumi na mitatu.

Lakini! Ulaya haikuja kwangu? Watu elfu na zaidi, kila mmoja ananieleza mezani kwa mama yake kuna nini. Mtu akikaa mlangoni siku zote, na wanaotoka ndani wakamhadithia, huyo hajaingia? Ameingia kidogo. Mguu mmoja.

Basi. Nimeandika.

Shida ni kwamba mtoto atakwenda kweli. Na atakula kweli, asubuhi, mchana na jioni, miaka mitatu. Hapo hadithi haisaidii. Lazima nijue.

Jumatano, 9 Julai

Nimemwomba hedimani Mbogo pasi ya kwenda Embu mjini. Sababu ya safari? Nikasema, "Kuonja." Akanitazama. Akaandika "Matibabu."

Nimekwenda mlango wa nyuma kwa Njue. Nimekimeza kiburi changu kizima kizima. Nikamwambia, "Njue, mimi Uingereza nilipita haraka sana, kwa sababu ya vita. Nikumbushe wanakula nini."

Amefurahi, shetani huyo! Amenikalisha kwenye kigoda cha jikoni kama mwanafunzi. Asubuhi: samaki. Wa moshi, wa rangi ya ngozi ya ngoma kuukuu. Wakati mwingine figo. Mchana: nyama ya kondoo, na juu yake majani ya mnanaa yaliyosagwa na sukari na siki. Nikauliza, "Kondoo ni mgonjwa?" Hapana, ndio mchuzi. Kabichi inachemshwa toka saa nne mpaka saa saba, mpaka isahau ilikuwa rangi gani. Na pudini inachemshwa ndani ya kitambaa. Nikamwambia asinidanganye. Akakitoa kitambaa! Kimeanikwa pale kwenye kamba, pamoja na soksi za Bwana.

Nimeonja kabichi. Nimeonja pudini. Pudini si mbaya, inalala tumboni kama jiwe la kusagia, mtu anaweza kwenda nayo mpaka Nairobi kwa mguu. Lakini samaki wa moshi nilipofunguliwa mfuniko — nilijikuta nje, nimeshika mti.

Njue akasema, "Na huko kwako Roma, Ijumaa hawali samaki? Si ni Wakatoliki?"

Sikuwa nimefikiri hilo. Nikasema, "Tulikuwa tunakula siku nyingine."

Uingereza, hapana.

Ijumaa, 11 Julai

Leo Italia. Kiende na Wanjira bado wako, pasi zao ni za siku kumi. Nimewaambia wanawake wote watoke jikoni, napika mimi. Gacheri amesema ataweka alama ya mkaa ukutani kukumbuka siku hii.

Nimeukanda unga na mayai saba kama Aldo alivyonifundisha, nikaukata uzi uzi, nikauanika juu ya ile meza ya waya ya kukaushia kahawa. Hilo ni wazo langu, Aldo hakuwa nalo. Kuku walikula mita kama nne hivi. Zilizobaki nimepika kwa nyanya na kitunguu na mafuta ya ng'ombe, maana mafuta ya zeituni tunayasikia kanisani tu.

Tamu! Sijivuni, ni tamu. Kiende amekula sahani mbili. Wanjira amelamba kijiko. Mama ameshika makaroni moja kwa vidole, ameinua mkono mpaka juu ya kichwa, mwisho wake bado uko kwenye sahani. Akasema, "Chakula hiki kinataka mtu mwenye nafasi."

Nilimfundisha Kiende kuzungusha kwa uma. Nikawaambia jinsi mimi nilivyokuwa nazungusha kwa singe ya bunduki. Ilitoka yenyewe.

Wote wakasema, basi, Italia! Wanjira akaleta kalamu.

Na hapo nilipoiona kalamu, nikakumbuka vyura. Daftari, vyura sijawahi kuwaweka kwenye hadithi. Kule Nanyuki, mvua ikinyesha, Aldo na wenzake walikuwa wanatoka na taa ya karabai na gunia. Wanawakaanga. Na ndege wadogo, hawa wa ukubwa wa kidole, wazima na vichwa vyao. Na Ijumaa kweli ni samaki, yule mkavu, wa chumvi, anayegongwa kwa nyundo kwanza. Nilikuwa nakula viazi vyangu mgongo nimewapa.

Ningenyamaza? Kalamu iko mkononi mwa mtoto!

Nikasema, "Ngoja. Kuna vyura."

Kiende akaweka kalamu chini. "Mjomba, vyura gani?"

Nikaeleza. Gacheri akauliza mbona miaka yote hii hakusikia habari ya vyura. Nikamjibu kwamba hadithi ya Jumapili lazima iwe safi.

Imebaki Ailandi. Hakuna mtu anajua hata iko upande gani. Kiende anasema Sista Brijita mwenyewe ndiko alikozaliwa. Basi twende tukamuulize, yeye si wa kuuliza? Mpaka Meru! Mbogo ameandika "Matibabu" tena. Anasema nikizidi kuugua ataniandika marehemu.

Jumatatu, 14 Julai

Meru. Naandika hapa hospitalini, kwenye benchi, mikono inanuka siagi. Nimefurahi kama mtoto!

Nilijiandaa kuona Mzungu wa glavu. Sista Brijita nimemkuta nyuma ya wodi na jembe, gumboti, mikono myekundu, anafukua viazi. Anaongea Kiswahili cha soko la Meru, haraka kuliko mimi. Kiende akasema, "Sista, huyu ni mjomba wangu aliyekula Ulaya yote." Sista akanipima kutoka unyoya mpaka viatu. "Yote? Mimi sijaimaliza. Shika hicho kikapu."

Nikauliza mambo yangu kwa utaratibu. Kwanza samaki. Akasema kwao ni bara, bahari wanaisikia redioni. Ijumaa ni viazi na yai. Vyura? Aliniambia vyura kwao hakuna matata, hakuna mtu anawagusa. Asubuhi? Uji. Mchana? Viazi. Jioni? Viazi, lakini vimepondwa.

Nikamwambia, "Vimepondwa vipi?"

"Njoo uone."

Jikoni kwa masista nikavua koti. Nikamenya. Ah! Kisu kilikumbuka kazi! Ngozi inatoka utepe mmoja bila kukatika, kiazi baada ya kiazi, hata Sista akasimama kutazama. Akasema, "Huyu mtu amemenya viazi zamani." Mimi nikakohoa.

Akachemsha. Akachemsha kabichi ya kijani kidogo tu, bado inakumbuka shamba. Akamwaga yote katika sufuria moja, maziwa moto, chumvi, kitunguu cha majani — na akachukua mwiko na kuponda! Kuponda kwa bega, kama mama anayepondea wageni wa arusi! Kiende na mimi tukatazamana.

Nikasema, "Sista, hii ni mukimo ya kwetu."

"Mnaita hivyo?"

"Hii ni mukimo! Imekosa mahindi mabichi tu na majani ya maboga!"

Akapakua mlima kwenye sahani, akatoboa shimo juu kwa kijiko, akatia siagi, ikayeyuka pale ndani kama kisima cha dhahabu. Unachota pembeni, unachovya katikati. Nimekula, daftari. Nimekula mpaka nikafungua kifungo. Kiende alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Alisema, "Mjomba, nitakuwa mbali lakini tumbo litakuwa hapa nyumbani."

Tukiwa tunaosha vyombo nikamuuliza Sista ilikuwaje watu wa mbali hivyo wakala kama sisi. Akasema ni chakula cha watu waliobakiwa na shamba dogo. Akasema babu yake alitolewa nyumbani, nyumba ikavunjwa mbele yake, askari wamesimama na bunduki, na jioni hawakuruhusiwa kuonekana barabarani.

Nikauliza, "Askari wa nani?"

Akaangalia dirishani. Kule nje askari wa Serikali ya Waingereza alikuwa anapita na filimbi yake. "Wale wale," akasema. Kisha akaniongeza siagi.

Kiende ametia alama. Ailandi. Karatasi iko mkononi mwa Sista, siku nne kabla ya wakati. Ni mimi nimechagua! Kwa mdomo wangu mwenyewe, na safari hii mdomo ulikuwa na chakula kweli.

Alhamisi, 17 Julai

Kianjokoma. Wamekusanyika kunisikiliza. Nimewaeleza habari za Ailandi. Nimeanza kukumbuka vizuri jinsi nilivyopita huko mwaka wa arobaini na nne, usiku, kwa lori. Kuna kiazi kimoja walikifukua kwa ng'ombe sita.

Njue alikuwapo, eti Bwana wake amempa ruhusa ya siku moja. Hakuuliza kitu. Alitabasamu tu. Sipendi.

Jumamosi, 26 Julai

Jibu limekuja, mambo yote tayari! Kiende atatoka hapa kwetu Jumatatu tarehe kumi na moja Agosti, basi la alfajiri mpaka Nairobi, ndege usiku huo huo. Binti ya mtu wa kizuizini kupewa pasi ya kupanda ndege! Sista alikwenda ofisini mara tisa. Kiende anasema mara ya tisa alikwenda na kiti chake.

Mimi nimerudi leo kutoka Kiritiri, kule Umbeere, na asali. Asali ya Umbeere hakuna mfano wake. Jua la huko kali, mbuzi wanatafuta kivuli cha mtu. Mwenye mizinga aliniuliza ni ya nini, nikamwambia ni ya muratina ya kumpeleka mpwa wangu Ailandi. Akauliza kama ni mbali kuliko Embu. Nikamwambia mbali kidogo.

Mbogo ametoa ruhusa ya mkutano wa kumuaga Kiende: watu thelathini, pombe mtungi mmoja, mwisho filimbi ya jioni. Amejiandika mwenyewe wa kwanza.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeharibu.

Niandike vizuri. Mbuzi alikuwa mzuri, Wanjira alimleta kutoka Meru, mweupe, hana doa. Watu si thelathini, ni hamsini. Njue mbele. Mwalimu Muriithi alikuja hata yeye, akala mara tatu. Jua limetoka, mlima mweupe kileleni, kila mtu anasema ni ishara. Nikapewa bega. Nikala. Watu wakasema, "Rwamba, tupe moja kwanza, ya Roma!" Nikawapa ya mto. Wakalia kwa kicheko. Wakasema, "Nyingine!" Nikawapa ya jibini kubwa kama gurudumu la lori, iliyoporomoka mlimani ikabomoa kituo cha polisi. Mbogo mwenyewe alishika mbavu.

Kisha Mama akanipa pembe ya muratina. Kiende akapiga magoti mbele yangu, gauni jipya la bluu. Nikasema kwa sauti ya baraza: "Kiende, mtoto wa dada yangu, nimekufungulia njia. Uende umeshiba, urudi umeshiba. Nimeifungua njia ya kwenda—"

Na mdomo huu! Mdomo wa miaka kumi na mitatu!

"—Italia."

Na nikampulizia. Muratina yote. Kifuani. Imekwisha.

Hakuna aliyecheka.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi. Hakuna aliyekwenda kanisani katika nyumba hii isipokuwa Gacheri, amekwenda kutuombea wote, na mimi mara mbili.

Kiende amekaa juu ya sanduku lake. Sanduku limefungwa kamba. Nikamwambia, "Mwanangu, ulimi uliteleza tu. Wewe ni nesi, umesoma. Panda basi."

Akasema, "Mjomba, sindano naijua. Njia siijui. Baba hayupo. Nikipanda ndege na njia yangu imefunguliwa kwingine, nitakuwa nakaa huko kama nani?" Halafu akasema lililonichoma: "Kama ni lazima, nitamwomba Sista abadilishe karatasi. Nitakwenda Italia. Vyura nitazoea. Ulichosema wewe ni kikubwa kuliko tumbo langu."

Vyura atazoea! Kwa ajili ya mdomo wangu!

Wanjira alikuwa analia nyuma ya nyumba. Njue alipita akasema nichinje mbuzi wa pili, niseme upya. Mama akakataa. Akasema mjomba hafungui njia mbili, ya kwanza ikiwa imeshika ya pili ni kelele tu.

Kisha Mama akanishika mkono, akanipeleka kule kwenye meza ya kahawa, mbali na watu. Anatembea polepole sasa. Akakaa. Akasema, "Neno la mjomba linashika kama anapajua mahali alipopataja. Kama hapajui, alifunga kamba hewani. Hakuna kilichofungwa. Anasema hivyo mbele ya watu wale wale, kwa mdomo ule ule, na njia inakuwa mpya."

Nikasema, "Lakini, Mama, mimi Italia—"

Akasema, "Rwamba. Wakati wa vita ulikaa mwaka mzima bila barua. Nilisikia kwa mpita njia kwamba uko Nanyuki, nikaenda kwa mguu kukutafuta. Siku tano. Nilisimama nje ya waya. Nikakuona umekaa kwenye debe, unamenya viazi, na Mzungu mmoja mwenye kofia hii amekaa karibu yako, na mnacheka. Nikajua unakula na unacheka. Nikarudi nyumbani."

Daftari, alijua! Kila Jumapili! Ya mto, ya singe, ya jibini — alikuwa amekaa pale pale anacheka na wengine!

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Zilikuwa nzuri," akasema. "Na kipindi hiki chote cha Emajensi, handaki kuzunguka kijiji, watu wamechukuliwa, ni nani mwingine alikuwa anatuchekesha? Mimi sitasema hata leo. Ni mdomo wako uliofunga." Akainuka. "Mukimo itaiva saa tisa. Nimemwambia Mbogo aongeze ruhusa. Watakuja wale wale."

Saa nane sasa. Naandika nyumbani kwangu, mlango nimerudisha.

Nimefikiri njia nyingine. Naweza kusema niliumwa homa. Naweza kusema Italia na Ailandi zimepakana, ukifika moja umefika nyingine, nani atabisha? Njue atabisha. Hapana, hata Njue asipobisha. Kiende amekaa juu ya sanduku.

Nawasikia wanaingia. Sauti ya hedimani Mbogo. Sauti ya Muriithi, anauliza kama kuna chakula. Njue amekuja na kigoda chake mwenyewe ili akae mbele, mwanaharamu yule! Wanaponda, nasikia mwiko, na harufu imefika mpaka hapa, mahindi mabichi na majani ya maboga. Mama amewaambia watoboe shimo katikati na watie siagi, kama Sista.

Nimeyapanga maneno. Nitasimama, nitasema hivi: "Mimi Rwamba sijavuka bahari. Italia sikufika. Nilikuwa Nanyuki, namenya viazi. Nilichokifunga jana nilifunga hewani. Ailandi nayo sijafika, lakini chakula chake nimekimenya kwa mkono huu na nimekila, hicho nakijua." Basi. Kisha nampulizia. Bila kuongeza kitu.

Kofia nimeitundika kwenye msumari. Kichwa kina baridi.

Gacheri ameita. Sasa ni Kiende, amekuja mpaka mlangoni. "Mjomba, wote wamekaa. Wanakungoja wewe."

"Nakuja."

"Mjomba, mbona hujavaa kofia?"

Bila kuongeza kitu. Nilikuwa namenya viazi. Gunia moja kwa siku. Haya, mawili. Wakiuliza wenyewe tu, si mimi nitasema, magunia kumi, kwa kisu kimoja, na utepe wa ngozi ulikuwa unatoka pale jikoni mpaka— Basi, Kiende amenishika mkono, naenda bila kofia.